Mwongozo kamili: kuanza kutazama ndege wewe na mwenzi wako

Malalamiko ni yale yale. Ndege yuko mtini, kwa macho matupu unamwona, lakini ukiinua darubini unaona majani tu. Ukibahatika kumpata, mwenzako anauliza yuko wapi. Unanyoosha kidole: "Pale! Pale!" Kabla hajajua ni tawi lipi, ndege kesharuka. Baada ya matembezi mawili matatu ya namna hiyo mmoja wenu anaona afadhali abaki nyumbani.

Tatizo haliko kwenye uhodari wa macho. Ni kwamba hakuna aliyewafundisha kushika chombo, wala kuelekezana. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga jambo moja: macho manne yamwone ndege mmoja, kwa wakati mmoja. Majina ya ndege yatafuata yenyewe.

## Vitu vya kuandaa

Darubini mbili za macho mawili. Wengi hukosea hapa, wakanunua moja nzuri ya kupokezana. Darubini hupanuliwa kulingana na nafasi kati ya macho ya mtu mmoja na kusawazishwa kwa nguvu ya macho yake. Kila inapobadilisha mikono yote hayo yanaanza upya, na shomoro hana subira hiyo. Darubini mbili za wastani zitawafaa kuliko moja ya kifahari.

Tafuteni zilizoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25, huo ndio upana, kwa milimita, wa mwale wa mwanga unaoingia jichoni. Ukiwa mpana, picha inang'aa hata alfajiri au chini ya miti minene. Za 8x32 ni nyepesi, ila mwale wake ni milimita 4, kwa hiyo hufifia mapema jioni.

Msivutiwe na 10x kwa kuanzia. Hukuza ndege, lakini hukuza pia mtetemo wa mikono, na eneo linaloonekana huwa dogo, hivyo kumpata ndege kunakuwa kugumu zaidi. Zile ambazo ukuzaji wake hubadilishwa kwa kitufe ziacheni kabisa: picha yake huwa hafifu na eneo lake ni finyu. Anayevaa miwani ahakikishe picha yote inaonekana kukiwa na angalau milimita 15 kati ya jicho na lenzi ya nyuma.

Kitabu cha ndege wa eneo lenu, chenye michoro na ramani za mahali kila ndege anapopatikana. Michoro hufaa kuliko picha kwa anayeanza, kwa sababu picha moja huonyesha ndege mmoja katika mwanga mmoja, ilhali mchoraji hukusanya alama zote muhimu za spishi hiyo.

Daftari dogo na penseli. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu.

Simu yenye programu ya Merlin Bird ID, inayotolewa bure na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Matumizi yake yapo hatua ya 7.

Nguo za rangi iliyofifia, zisizotoa sauti ya kuchakarisha ukitembea, kofia yenye ukingo, viatu vilivyofunika mguu, na maji. Nyeupe iacheni nyumbani. Huonekana kutoka mbali mno.

## Hatua ya 1: Rekebisha darubini iendane na macho yako

Kila mmoja afanye hivi na ya kwake, nyumbani, mchana.

Anza na vikombe vya macho. Asiyevaa miwani avivute nje, anayevaa avirudishe ndani. Ukiona kivuli cheusi kikichezacheza pembeni, umevikosea.

Kisha kunja au kunjua darubini katikati mpaka duara mbili ziungane kuwa moja.

Sasa lenga kitu kisichosogea chenye maandishi, umbali wa mita 20 hadi 30. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote mawili yakiwa wazi. Zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione herufi vizuri. Hamishia kiganja kwenye lenzi ya kushoto. Usiliguse tena gurudumu. Zungusha pete ya dayopta, yaani ile ya kusawazisha jicho moja peke yake, ambayo mara nyingi iko kwenye kikombe cha jicho la kulia, hadi jicho la kulia nalo lione vizuri.

Kwa nini kuziba kwa kiganja badala ya kufumba jicho? Kwa sababu ukifumba jicho moja, misuli ya lile jingine hukazana, na usawazishaji wote unapotoka.

Ikumbuke alama ya pete mlipoishia. Kuanzia hapo haiguswi. Kazi yote ni ya gurudumu la katikati.

Utajuaje umefaulu: unaona duara moja, herufi kali, na baada ya dakika tano macho hayajachoka. Ikiwa picha bado ni mbilimbili au kichwa kinauma, huenda mapipa mawili ya darubini hayako sambamba, pengine iliwahi kuanguka. Hilo halirekebishwi kwa pete wala gurudumu. Irudisheni au ipelekeni kwa fundi.

Tahadhari: usielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja, hata jua likiwa limeshuka. Lenzi hukusanya miale na kuunguza jicho kwa ndani, na jeraha hilo laweza kuwa la kudumu. Ndege akiruka kuelekea jua, mwacheni aende.

## Hatua ya 2: Zoeza mikono kabla ya kutoka

Kosa linalofanya watu waone majani tu ni kuteremsha macho kuitazama darubini wakati wa kuiinua. Ukishateremsha macho umempoteza.

Mkazie ndege macho. Usipepese pembeni. Inua darubini, iingie kati ya jicho na ndege, huku uso wako haujasogea hata kidogo. Viwiko vibane kifuani ili mikono isitetemeke.

Fanyeni zoezi dakika kumi kwa siku, wiki nzima, kwa vitu visivyoruka: ncha ya tawi, kona ya paa, jani moja lenye doa. Vikishawaingia, hamieni kwa njiwa au kunguru wanaotua na kuruka. Kwa ndege aliye angani, mfuate kwanza kwa macho, geuka kuanzia kiunoni, kisha inua darubini bila kusimamisha mwendo wa mwili.

Umefaulu ukiona kwamba mara nane kati ya kumi lengo liko ndani ya duara ndani ya sekunde mbili. Chini ya hapo, endeleeni na majani. Inachosha, lakini hakuna zoezi jingine linalolipa haraka kama hili.

## Hatua ya 3: Chagueni mahali na wakati

Msianze msituni. Anzeni kwenye maji: ukingo wa ziwa, bwawa, kinamasi, mdomo wa mto. Ndege wa majini wengi ni wakubwa, wako wazi, na husimama mahali pamoja kwa muda. Yangeyange anayevizia samaki anaweza kukaa kimya dakika nzima, na dakika nzima kwa anayeanza ni utajiri. Msituni mtasikia sauti ishirini na kuona mikia mitatu.

Wakati bora ni saa tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza. Ndege wadogo huamka na njaa, kwani wametumia akiba ya mwili usiku kucha, na hutafuta chakula bila kujificha sana. Jua likishapanda hunyamaza. Hapo inueni macho juu: hewa iliyopashwa moto hupanda, na tai na jamaa zake huitumia kupaa bila kupiga mabawa.

Simameni jua likiwa mgongoni. Jua likiwa usoni, kila ndege ni kivuli cheusi. Siku ya upepo mkali ahirisheni: ndege wadogo hushuka chini na kutulia, na majani yanayotikisika huficha kila mwendo.

Matembezi ya kwanza yasizidi saa moja na nusu.

## Hatua ya 4: Kubalianeni namna ya kuelekezana

Hapa ndipo wawili wanapofaulu au kushindwa, na hapa ndipo watu wanapopuuza zaidi.

Kidole hakisaidii. Wewe na mwenzako hamsimami mahali pamoja, kwa hiyo kidole chako kinachogusa tawi la tatu machoni pako, kwake kinaelekea tawi jingine kabisa. Tena mkono ulioinuliwa ghafla hufukuza ndege.

Tumieni maneno, na yapangeni kutoka kubwa kwenda dogo: mti gani, upande gani wa mti, tawi lipi, sehemu gani ya tawi, ndege anafanya nini. Mfano:

"Mti mkavu, kushoto kwa mwamba."
"Nimeupata."
"Tawi la pili kutoka juu, la upande wa kulia."
"Nimelipata."
"Katikati ya tawi, ametugeuzia mgongo."
"Namwona. Anatikisa mkia."

Angalieni mambo mawili. Msikilizaji anajibu kila kituo, hivyo msemaji hakimbilii tawi kabla mti haujapatikana. Na mwisho msikilizaji anataja jambo ambalo hakuambiwa, hapa ni mkia. Bila hilo, mara nyingi mtakuta mmoja anatazama fundo la tawi.

Mti ukiwa mpana, tumieni uso wa saa: kilele cha mti ni 12, shina ni 6, kulia kabisa ni 3, kushoto kabisa ni 9. Lakini kubalianeni mapema kwamba mnataja namba iliyoandikwa kwenye saa. Tukisema saa tatu asubuhi, mshale huwa umeelekea 9. Mmoja akiwaza tarakimu na mwingine akiwaza saa ya kutamka, mtakuwa mnatazama pande mbili za mti. Semeni "kwenye tatu" au "kwenye tisa", neno "saa" liacheni.

Maneno yakishindwa, simama nyuma ya bega la mwenzako, ili nyote wawili mtazame kwa mstari mmoja.

Jizoezeni nyumbani. Mmoja achague jani au tofali bila kusema, amwelekeze mwenzake kwa maneno tu, na mwenzake ataje doa au ufa uliopo hapo. Badilishaneni. Mmefaulu mkifika kwenye kitu kimoja kwa sentensi tatu au nne.

## Hatua ya 5: Msogeeni bila kumfukuza

Msimwendee moja kwa moja. Ndege anayeona umbo likikua mbele yake huelewa anawindwa. Piteni kwa mshazari, hatua chache, simameni, tazameni, tena hatua chache. Mwende mkifuatana, mmoja nyuma ya mwingine, ili umbo liwe moja.

Akiacha kula na kuinua shingo, mmefika mpaka. Akianza kuchuchumaa, kutikisa mwili au kutoa sauti kali ya kukaririka, mmeshavuka, rudini nyuma.

Ndege wa ardhini anayeburuta bawa kana kwamba limevunjika mbele yenu hajaumia. Kuna kiota au vifaranga karibu, naye anawavuta mwende mbali. Msimfuate, na msianze kutafuta kiota. Tazameni mnapokanyaga, rudini kwa njia mliyojia. Mayai yakiachwa juani au kwenye baridi hata kwa muda mfupi yanaweza kuharibika.

## Hatua ya 6: Tazama kwanza, kitabu baadaye

Takriban spishi 11,000 za ndege ziko duniani, na anayeanza hukimbilia kufungua kurasa ndege akiwa bado mbele yake. Akiinua kichwa, hayupo. Kitabu hakiruki, mtazameni ndege mpaka aondoke mwenyewe.

Rangi iwe ya mwisho. Mwanga wa asubuhi hufanya kijivu kionekane dhahabu, na kivuli hufuta kijani. Fuateni mpangilio huu:

Ukubwa, kwa kumlinganisha na ndege mnaowajua: ni mdogo kuliko shomoro? Kati ya shomoro na njiwa? Mkubwa kuliko kunguru?

Mdomo. Mfupi na mnene ni wa kuvunjia mbegu. Mwembamba wenye ncha ni wa kudonoa wadudu. Wenye ndoano ni wa kuchana nyama. Mrefu uliopinda chini huingia kwenye ua au kwenye tope, na ukubwa wa mwili utawaambia ni kipi.

Mwendo. Hili hutatua mengi kuliko manyoya. Mbayuwayu na teleka hufanana angani, lakini mbayuwayu hutua kwenye waya. Teleka hawezi, miguu yake ni mifupi mno, yeye hung'ang'ania ukuta au mwamba. Yangeyange hukunja shingo akiruka, ilhali korongo wengi huinyoosha. Kigogota huruka kwa mawimbi: anapiga mabawa, anashuka, anapiga tena.

Alama. Anzeni kichwani kwenda mkiani: utosi, mstari juu ya jicho, koo, kifua, mistari ya bawa, kiuno, ncha za mkia.

Andikeni mlichoona kabla ya kufungua kitabu. Ukishaona mchoro, kumbukumbu huanza kuufuata, na utaapa uliona mstari mweupe ambao haukuwepo.

Katika kitabu, tazameni ramani kwanza. Kama ndege huyo hapatikani eneo lenu, rudini kwa walio wa kawaida. Kumbukeni pia kwamba dume na jike wanaweza kuonekana kama spishi mbili, na makinda huwa na manyoya yao. Shakwe wakubwa huchukua takriban miaka minne kufikia rangi ya utu uzima.

Wengine hamtawatambua. Andikeni "hajulikani", pamoja na alama zake, msonge mbele.

## Hatua ya 7: Tumieni masikio

Simameni, fumbeni macho dakika mbili, viganja nyuma ya masikio. Kila mmoja ahesabu sauti tofauti, kisha linganisheni.

Merlin husikiliza na kupendekeza majina. Lichukueni pendekezo kama fununu ya mahali pa kutazama, kwani ndege wapo wanaoiga sauti za wenzao, na programu nayo hukosea. Ndege aandikwe kwa jina akishaonekana, au sauti yake mkiijua wenyewe.

Msipige sauti zilizorekodiwa ili kumwita ndege, hasa majira ya kuzaa. Yeye husikia mpinzani aliyevamia eneo lake, huacha kula na kulisha makinda, akapoteza nguvu kumtafuta adui asiyekuwepo.

## Hatua ya 8: Gawaneni kazi, mchukuliane

Mmoja awe mtafutaji, mwingine mwandishi. Mtafutaji anaongoza njia na kuona kwanza. Mwandishi anashika daftari na kitabu. Badilishaneni kila nusu saa, hata kama mmoja ana macho makali zaidi. Anayeandika tu wiki baada ya wiki anageuka karani, naye atachoka.

Mwenye ujuzi zaidi azuie ulimi. Akilitaja jina mara tu ndege anapotua, mwenzake hana sababu ya kutazama. Amuulize: mdomo ukoje? Mkia anaufanyaje? Asubiri jibu.

Mkihitilafiana, kila mmoja aandike alama tatu alizoona bila kusema, kisha someni. Mara nyingi mtagundua kwamba mlitazama ndege wawili. Msipoafikiana, ndege anaingia kwenye "hajulikani". Msibishane mbele ya bwawa lenye ndege wengine hamsini.

Saa ya kurudi ipangwe na yule mwenye hamu ndogo, na iheshimiwe hata kukitokea ndege wa ajabu. Mtu akijua atarudi saa aliyoahidiwa, hutazama kwa utulivu. Asipojua, hutazama saa.

Mwendo uwe wa anayetembea polepole. Kila matembezi yawe na kituo kimoja cha kukaa dakika ishirini bila kusogea. Baada ya dakika chache ndege huanza kurudi karibu yenu. Kwa mwenzi asiyependa kutembea sana, kituo hicho kinaweza kuwa ndiyo safari nzima, na haina upungufu wowote.

Mmefaulu mkimaliza matembezi mkiwa na ndege watano ambao nyote wawili mliwaona vizuri na mnaweza kuwaeleza bila kitabu. Watano hao wana thamani kuliko thelathini walioonwa na mmoja.

## Hatua ya 9: Mkirudi

Nakilini siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, na idadi ya kila ndege. Msiache wa kawaida. Shomoro waliohesabiwa kila wiki watawaonyesha majira yanavyobadilika, na ndege wahamiaji wanafika na kuondoka lini. Mkitaka rekodi iwafae watafiti, iingizeni eBird, hifadhidata ya wazi ya kumbukumbu za ndege walioonwa, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara hiyo hiyo ya Cornell. Viota vya ndege walio hatarini msitangaze mahali vilipo. Wezi wa mayai na makinda nao husoma.

Mwisho, safisheni lenzi. Pulizeni vumbi kwanza, kisha brashi laini, kisha kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Upindo wa shati hukwaruza, kwa sababu punje ya mchanga chini ya kitambaa hufanya kazi ya msasa. Acheni darubini wazi ikauke kabla ya kuirudisha mkobani. Ikifungiwa na unyevu, ukungu huota ndani ya lenzi, na fundi peke yake ndiye anayeweza kuutoa.